Kama uteuzi wa asili unachuja, mbona selimundu bado ipo?

Swali: Shikamoo daktari. Niko kidato cha sita, kombi ya CBG, naishi Muheza. Tumefundishwa kwamba uteuzi wa asili hubakiza sifa zinazofaa mazingira na kuondoa zisizofaa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka saba na ana selimundu. Juzi tumelala naye hospitali siku nne kwa maumivu ya miguu na kifua. Usiku nikawa najiuliza: kama viumbe vinachujwa miaka yote hiyo, kwa nini kitu kibaya namna hii hakijachujwa? Mwalimu alisema mageuko hayajamaliza kazi. Ni kweli? Yatamaliza lini?

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mama pole zangu. Siku nne wodini na mtoto anayelia miguu si jambo dogo, na swali lililokujia usiku ule ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Nitalijibu kwa kirefu, maana jibu fupi ndilo lililokuacha na mashaka.

Mwalimu wako amekaribia, ila neno "hayajamaliza" litakupoteza njia. Kumaliza kunataka pawe na mahali pa kufika, na uteuzi wa asili hauna mahali unapokwenda. Kinachotokea ni hiki tu: katika kila kizazi viumbe hutofautiana, baadhi huacha watoto wengi kuliko wenzao, na jeni za hao huongezeka katika kizazi kinachofuata. Hakuna anayekagua kama mwili umekamilika, wala kama unauma. Sifa inayobaki ni ile iliyozidi nyingine zilizokuwepo wakati huo, mahali hapo. Kuzidi wenzako na kuwa mkamilifu ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tuanze na damu ya mdogo wako, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya uandike.

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Katika jeni ya selimundu herufi moja tu ya DNA imebadilika. Kwa herufi hiyo moja, kiungo cha sita kwenye mnyororo wa beta, mmojawapo wa minyororo inayounda himoglobini, ambacho huwa ni asidi ya glutamiki, kinakuwa valini. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hunatana, hujipanga nyuzinyuzi, na nyuzi hizo huikunja seli nyekundu mpaka ifanane na mundu. Seli zilizokunjwa hukwama kwenye mishipa myembamba na kuzuia damu kupita. Maumivu uliyoyaona wodini ndiyo hayo.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni tulitobolewa vidole darasa zima. Tone la damu linawekwa kwenye kioo, linachanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, linafunikwa kwa kioo chembamba, kingo zinazibwa, halafu unasubiri. Mwenzangu wa meza moja alikuwa kijana mwenye afya, mcheza mpira, hajawahi kulazwa. Baada ya muda nikainamia hadubini yake. Seli zilizokuwa za mviringo kama visahani zilianza kuchongoka, moja hapa, mbili pale, kisha nyingi kwa pamoja, mpaka kila nilipotazama niliona miundu. Alikuwa AS: jeni moja ya kawaida kutoka kwa mzazi mmoja, jeni moja ya selimundu kutoka kwa mwingine. Ndani ya mwili wake seli hazikunjiki hivyo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya himoglobini yake ni ya kawaida na oksijeni ipo. Sisi tulikuwa tumeiondoa makusudi. Alitazama mwenyewe kwenye hadubini, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Hii ni damu yangu mimi?"

Sasa fikiria kimelea cha malaria kimeingia ndani ya seli ya kijana huyo. Kinakula, kinatumia oksijeni, kinaichachusha seli kwa ndani. Seli inakunjika. Bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja seli mbovu, inaikamata na kuiondoa pamoja na mgeni aliyemo. Wanasayansi wanazijua njia nyingine pia ambazo AS humlinda mtu, lakini hii moja inatosha kukuonyesha kwamba kasoro ileile inayomuumiza mdogo wako, ikiwa nusu, inageuka mtego wa vimelea.

Aliyeliunganisha jambo hili ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alikuwa akipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini humo, akagundua kwamba wenye jeni ya selimundu walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini wachache sana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alitoa ushahidi wake, na katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki wenye AS walifikia karibu wanne kwa kila watu kumi. Miaka mingi baadaye, watafiti waliofuatilia watoto huko Kilifi waliona kwamba AS inapunguza hatari ya kupata malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kwa kinga ya kurithi, hiyo ni kubwa mno.

Chukua karatasi sasa. Babu zetu wa pwani, kabla ya chandarua na dawa: mtoto wa AA, mwenye jeni zote mbili za kawaida, yuko hatarini kufa kwa malaria, mtoto wa SS, mwenye zote mbili za selimundu kama mdogo wako, yuko hatarini kufa kwa selimundu, na mtoto wa AS anavuka pande zote mbili. Ungedhani basi baada ya vizazi vingi watu wote watakuwa AS. Haiwezekani. Mume AS akioana na mke AS, kwa wastani katika watoto wanne mmoja ni AA, wawili ni AS, mmoja ni SS. Hakuna namna ya AS kuzaa AS watupu, kwa sababu AS si jeni; ni mkutano wa jeni mbili, na kila kizazi mkutano huo unavunjwa na kupangwa upya. Uteuzi ukipunguza S, malaria inaua AA na S inapanda. S ikizidi, SS wanaongezeka na inashuka. Inatulia katikati, na pale inapotulia kuna watoto wanaougua kila mwaka.

Kwa hiyo, binti yangu, jibu la "kwa nini haikuchujwa" ni gumu kulisikia: ilichujwa, na hapo ilipo ndipo chujio lilipoiweka. Si adhabu, si kurogwa, wala si kosa la mama yako au la baba yako. Kila mmoja wao alibeba jeni ambayo huenda iliwavusha wazee wao wengi wakiwa wachanga.

Je, hapakuwa na njia nzuri zaidi? Ipo, na hili ndilo linalonishangaza mpaka leo. Afrika Magharibi, hasa Burkina Faso na kaskazini mwa Ghana, kuna badiliko jingine kwenye kiungo kilekile cha sita, linaloitwa C. Mtu mwenye C mbili hupata upungufu mdogo wa damu tu, na ana kinga nzuri dhidi ya malaria. Ungekuwa wewe unachagua, ungechagua C. Lakini mabadiliko ya jeni hayaagizwi kama bidhaa dukani. Hutokea kwa kosa la kunakili, bila kujali yanahitajika au la, na uteuzi hufanya kazi na lililotokea. Huku kwetu lililotokea na kuenea ni S.

Kilifi kumeonekana jambo la ajabu zaidi. Pwani ya Kenya wapo watu wengi wenye thalasemia ya alfa, tofauti nyingine ya himoglobini ambayo nayo hukinga malaria kali. Ungetarajia mtoto aliyerithi zote mbili, AS na thalasemia, awe amekingwa maradufu. Matokeo yalikuwa kinyume: kinga ya moja inaifuta ya nyingine, na mtoto anabaki karibu sawa na asiye na yoyote. Kila moja iliongezeka kwa faida yake yenyewe, na hakuna aliyeangalia kama zinapatana.

Ukitaka kuona kwa macho yako jinsi mwili unavyofungwa na historia yake, hakuna haja ya maabara. Sikukuu ijayo mbuzi akichinjwa, mwombe mchinjaji akuachie koo la hewa, moyo na mapupu vikiwa vimeshikana, asitenganishe. Osha, laza kwenye sinia, tafuta ubavuni mwa koo la hewa upande wa kushoto. Utaona uzi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Huo ni mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye koromeo kuamuru sauti. Juu utakuta umekatika pale kisu kilipopita. Ufuate kwa kidole kuelekea chini. Utashuka nao mpaka kifuani, utapita chini ya tao la mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, na hapo utaukuta unaungana na mshipa mnene uliotoka kichwani. Yaani amri ya kumfanya mbuzi alie inatoka kwenye ubongo, inashuka shingo nzima, inauzunguka mshipa wa moyo, kisha inapanda tena shingo nzima hadi koromeo, ambalo lipo karibu kabisa na ubongo ilikotoka.

Wewe nawe uko hivyo. Twiga yuko hivyo, na kwake mzunguko huo unazidi mita 4.

Sababu iko kwa samaki. Samaki hana shingo. Moyo wake uko karibu na matamvua anayopumulia, na mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye tamvua unapita nyuma ya mshipa wa damu wa tamvua hilo kwa njia fupi iliyonyooka. Wanyama wa nchi kavu tumetokana na samaki wa kale. Kadiri shingo ilivyorefuka na moyo kushuka kifuani, mshipa wa damu ulishuka na moyo, na ule wa fahamu, uliokuwa umepita nyuma yake, ukavutwa nao. Tazama nyumba zetu tunazoongeza chumba kila tukipata fedha, huku familia ikiishi ndani. Bomba lilipitishwa nyuma ya nguzo ya kwanza wakati nyumba ni vyumba viwili. Leo ni vyumba vinane na maji bado yanazunguka nguzo ileile, kwa sababu kuongeza kipande cha bomba ni rahisi kila mara, na kubomoa nguzo watu wamelala ndani haiwezekani. Katika mimba, mishipa hiyo ya damu na ya fahamu hupangwa mapema mno, shingo ikiwa haijawa shingo. Kiumbe aliyezaliwa na mpangilio huo umevurugwa hakuishi kuacha watoto. Aliyerefusha mshipa kwa milimita moja aliishi.

Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria wa shingo ndefu ambaye leo amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mishipa ya fahamu haiachi mabaki kwenye mawe, lakini kwa kuwa wanyama wote wenye miguu minne waliopo leo wana mzunguko huu, hatuna sababu ya kudhani yeye aliukwepa. Huwa nafikiria urefu wa safari ile shingoni mwake.

Na twiga huyohuyo, mtazame akinywa maji. Shingo yote hiyo na bado haifiki chini, kwa sababu miguu nayo imerefuka. Inabidi atanue miguu ya mbele kama anayetaka kuanguka, na hapo ndipo simba anamvizia. Shingo na miguu vimepatana juu mitini, vikagombana kwenye kidimbwi. Anakula kila siku kwa saa nyingi. Maji anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa. Uzito ulielemea upande wa chakula.

Jicho lako nalo lina shimo. Chora alama mbili kwenye karatasi, msalaba kushoto na nukta nene kulia, ziachane kama sentimita 8. Funga jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, shika karatasi karibu sentimita 30 kutoka usoni, isogeze taratibu mbele na nyuma. Nukta itatoweka. Hapo ndipo nyuzi za neva zinapotobolea nje ya jicho, maana kwetu zimepita mbele ya seli zinazopokea mwanga na lazima zipate tundu la kutokea. Pweza, ambaye jicho lake lilianza upya kwenye ukoo mwingine kabisa, nyuzi zake ziko nyuma na hana doa hilo.

Kuna pia suala la muda. Ziwa Victoria lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena, na tangu hapo furu wake, samaki wadogo wa ziwa hilo, walitawanyika kuwa aina zaidi ya 500: wanaokwangua mwani mawe, wanaovunja konokono, wanaokula samaki wenzao. Ukitaka mfano wa viumbe kufaa mazingira, hao ndio. Kisha miaka ya 1950 sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, akaletwa, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwani. Pengine aina 200 za furu hazionekani tena. Hawakuwa wabovu. Walifaa ziwa ambalo halikuwepo tena. Waliobaki wakapata shida nyingine: maji yalipochafuka, majike hawakuweza tena kuziona vizuri rangi za madume, na aina zilizokuwa zimeachana zikaanza kuzaana. Uteuzi unajibu mazingira yaliyowaua au kuwabakiza wazazi. Ya kesho hauyaoni.

Hapo ndipo tunarudi kwenye swali lako la mwisho: yatamaliza lini?

Tuseme malaria inatoweka kabisa. Zanzibar imeshusha maambukizi yake hadi kiwango cha chini sana kwa zaidi ya miaka 10 sasa, kwa hiyo si ndoto. Mtoto wa AS huko karibu hapati tena faida ya jeni yake, lakini hasara ipo palepale wawili wa AS wakioana. Ni hali ileile ya Wamarekani weusi, ambao karibu mtoto mmoja kati ya 13 huzaliwa na AS katika nchi isiyo na malaria, karne nyingi baada ya mababu zao kuvushwa bahari. Basi S itafutika haraka? Fanya hesabu. Chukua jamii ambayo katika kila jeni 100, 10 ni S. Watu 18 kati ya 100 watakuwa AS, na 1 tu ndiye SS. Maana yake, katika kila jeni kumi za S, tisa zimo ndani ya watu wenye afya, ambako uteuzi hauzioni. Hata tukichukua hali mbaya kabisa, kwamba hakuna mwenye SS hata mmoja anayeacha mtoto, itachukua vizazi 10 kwa S kushuka hadi 5 katika 100, na vizazi 90 kushuka hadi 1. Ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, hiyo ni miaka 2,250.

Na hali hiyo mbaya hatuitaki hata kidogo. Tunataka mdogo wako akue, aoe akipenda, azae. Kwa hiyo usiyasubiri mageuko yamalize chochote. Mwulize daktari anayemtibu kuhusu haidroksiyurea kama bado hajaanzishiwa. Ni vidonge vinavyoamsha himoglobini ya utotoni, ile ya tumboni mwa mama, ambayo haikunjiki, na vinapunguza sana siku za maumivu. Hakikisha chanjo zake zimekamilika, anakunywa maji ya kutosha, na analala ndani ya chandarua. Wako watu wanaodhani mwenye SS hapati malaria; anapata, na ikimpata inamwangusha vibaya.

Jambo moja hukuliuliza. Wewe mwenyewe umeshapimwa? Kama wazazi wenu wote wawili ni AS na wewe huna ugonjwa, uwezekano wa wewe kuwa AS ni mbili kwa tatu. Kipimo ni tone la damu. Umekulia Muheza, na bila shaka umeugua malaria utotoni ukapona. Kama majibu yatasema AS, huenda jeni iliyokuwa inamuumiza mdogo wako usiku ule wodini ndiyo ileile iliyokushika mkono wewe ukiwa na umri wake.